Nta Uliyoipaka kwenye Gari la Maharusi

Mwanangu Zaina,

Barua za zamani zilianza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mimi siwezi kuanza hivyo, kwa sababu hujawa mbali bado. Nakusikia uwani ukibishana na mama yako kuhusu ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani. Yeye anataka ubebe mfuko mzima kwa ajili ya mjomba wako huko Dar es Salaam, wewe unasema basi zima litanuka. Mama yako atashinda, kwa hiyo chukua tu usijichoshe.

Mambo ya chakula, ya pasipoti kuiweka wapi, ya kutolala garini mkoba ukiwa wazi, hayo yote ameshayasema yeye, na nadhani atayarudia kesho mbele ya dereva. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuandikia kuhusu gari letu, na kuhusu siku mbili: juzi, ulipolipaka nta, na siku moja ya zamani pale Kibenga ambayo mimi na wewe hatujaizungumza tangu ulipokuwa na miaka tisa. Ningeweza kukuita humu ndani nikakuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili leo, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza kama umekula.

Nianze na juzi, kwa kuwa ni tamu zaidi.

Gari lile lina umri mkubwa kuliko wako. Nililichukua kwa daktari mmoja wa kizungu aliyekuwa akirudi kwao, likiwa jekundu la kukolea, boneti ndefu, vyuma vinang'aa mbele na nyuma, na siku nilipoliingiza hapa Buyenzi watoto walilisindikiza hadi mlangoni. Kwa miaka mingi ndilo lililobeba maharusi. Wakristo wa Gihosha, Waislamu wa hapa kwetu, Wakongomani waliotoka Uvira na Baraka, wote walikaa kwenye siti ile ya nyuma, na mtaa ukaliita Gari la Maharusi. Lakini jua la Bujumbura halimheshimu mtu wala chuma. Miaka hii ya karibuni rangi ilipauka ikawa kama fizi za mtoto mchanga, ukiigusa inakuachia unga kwenye vidole, na hakuna bwana arusi aliyekuja tena kuniuliza.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Fundi Kabwe, aliyekufundisha kazi ya rangi, angelipiga msasa lote na kulimwagia rangi nyeupe, maana siku hizi maharusi wanataka nyeupe. Kipya kinyemi, nilimwambia Kabwe, na yeye akacheka kwa sababu anaijua nusu ya pili ya methali hiyo. Ndipo ukaja na kopo lako mkononi.

"Baba, kabla Fundi aimwage rangi mupya, unipe siku moja," ulisema.

"Ya kufanya nini?"

"Ya kujaribu."

Nililifungua kopo. Ndani kulikuwa na kitu cha manjano, kigumu kidogo, nikakuambia umeibiwa, umeuziwa samli. Ulicheka, ukanisomea maandishi ya Kifaransa yaliyo ubavuni, yote, mpaka na yale madogo ya chini ambayo mimi sikujua kama kuna mtu aliwahi kuyasoma. Nimeendesha magari tangu kabla sijamwoa mama yako na sijawahi kusoma kopo lolote. Nilikuwa nafungua, nanusa, napaka.

Nilikaa kwenye kigoda kukutazama, nikijidai nakusimamia. Uliliosha gari kwa maji mengi na sabuni laini kidogo, si ile ya unga tunayofulia. Ukalisukuma hadi kwenye kivuli cha ukuta, ukaweka nyuma ya mkono wako juu ya boneti kama mama anavyompima mtoto homa, ukasema bado ina moto, tungoje. Tukangoja. Mimi nilikuwa nimeshachoka kungoja kabla hata hatujaanza. Wewe ulikaa chini, ukakata fulana yangu kuukuu ikawa vitambaa vinne, ukang'oa lebo na kukata pindo zote kwa sababu uzi mgumu unakwaruza.

Halafu ukafanya lile jambo ambalo nimekuwa nikiliwaza tangu juzi. Badala ya kuanza na boneti, ambako kila mtu angeona, ulipiga magoti nyuma ya gari, ukachagua sehemu ya chini ya buti, karibu na namba, mahali pa kiganja kimoja tu.

"Huko nani ataona?" nilikuuliza.

"Hakuna. Njo maana. Kama itaharibika, iharibikie hapa."

Zaina, mimi mambo yangu yote nimeyaanzia kwenye boneti. Nilimposa mama yako mbele ya watu kabla sijamuuliza mwenyewe. Nilinunua kuku mia kabla sijafuga mmoja, na unakumbuka walivyokwisha. Kukuona umepiga magoti pale, unajaribu mahali padogo pasipoonekana, unangoja kuona rangi itasema nini, nilijiuliza umeyatoa wapi haya. Si kwangu. Najivunia wewe mpaka nasikia aibu kidogo, kama mtu anayesifiwa kwa nguo aliyoazima.

Ulilowesha sponji kidogo, ukaikamua, ukaigusisha kwenye nta, ukazungusha polepole. Kitambaa kikawa chekundu. Hapo mimi nikaruka kutoka kwenye kigoda.

"Zaina, unaitoa rangi!"

"Apana, Baba. Hii ni rangi ilishakufa zamani. Iko imekaa tu juu. Ukiiacha hapo, inapaka watu."

Ulisema hivyo bila kuinua uso. Sijui kama ulikusudia. Mimi nilirudi kukaa, na neno hilo lilinigusa kwa sababu ambayo nitaifikia.

Ulingoja mpaka ile nta ikawa na ukungu mweupe. Ukapitisha ncha ya kidole, ukaangalia kama mstari umetoka safi, ukangoja tena, ukapitisha tena, kisha ndipo ukafuta kwa kitambaa kingine, ukikikunja kila mara ili upande mchafu usirudi kwenye gari. Na pale chini ya buti, penye ukubwa wa kiganja, ukatokea wekundu ule ule niliouona siku ya kwanza nyumbani kwa daktari. Haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa pale miaka yote chini ya unga. Nilifuta macho, nikasingizia harufu ya nta, nawe ukaniachia uongo huo mdogo.

Basi ukaenda kipande kwa kipande: mlango huu, halafu ule, halafu madigadi. Safu nyembamba, nyembamba kiasi kwamba nilidhani unabania. Kila ulipofika kwenye plastiki nyeusi ulizunguka, kwa sababu nta ikiingia pale huacha weupe usiotoka. Majirani walikuja mmoja mmoja wakasimama. Mtu mmoja aliuliza umelipiga rangi kwa nani. Ulimwambia hapajapigwa rangi yoyote, hiyo ni ya kwake yenyewe.

Kama ningeishia kutazama tu, juzi ingekuwa siku njema na mimi leo ningekuwa naandika barua fupi. Lakini unanijua. Nilitaka na mimi mkono wangu uwemo. Ukanipa sponji, ukanipa paa la gari, ukaniambia, "Kidogo kidogo, Baba, na usiache jua likufikie."

Nilipaka nene, kama mtu anayempakia mgeni siagi kwenye mkate. Niliona nyembamba ni uchoyo. Nikapaka paa lote kwa mara moja, kisha akapita rafiki yangu wa msikitini, tukaongea habari za bei ya mafuta, na jua likaja polepole hadi pale juu likakaa. Nilipogeuka, nta ilikuwa imekauka mabaka mabaka, ngumu, haitoki kwa kitambaa wala kwa kucha. Gari zima lilikuwa limependeza, isipokuwa kichwani lilikuwa kama limepakwa chokaa.

Na hapo hapo akaingia Fundi Kabwe. Alikuwa amesikia huko garajini kwamba Gari la Maharusi limefufuka, akaja kuona mwenyewe. Alizunguka mara moja, akipitisha macho milangoni, na niliona amefurahi. Halafu akaona paa.

"Weye Mazutu," alikuambia kwa jina lako la utani, "ni nani alipaka huku juu hivi? Mutu anapaka nta kama anapaka simenti kwa ukuta?"

Mimi nilikuwa nimesimama na sponji mkononi, nyuma yako. Nikaisogeza sponji nyuma ya mgongo. Nakuandikia jambo hili kwa sababu hukuliona: nikiwa na mvi hizi, niliificha sponji.

Wewe hukugeuka kunitazama. Ulisema, "Ni sisi, Fundi. Tunaimaliza sasa hivi."

Kisha ukachukua nta mpya kidogo, ukaipaka juu ya ile iliyokauka, ukanionyesha jinsi ilivyolainika, ukaifuta kabla haijashika, kipande cha ukubwa wa sahani kila mara. Ilikuchukua hadi adhana ya magharibi. Hukunung'unika, na hukunikataza kusaidia tena, ukanipa kitambaa kikavu nikafuta nyuma yako. Mama yako alisema tulikuwa tunapendeza. Mimi nilikuwa nimebeba neno lile "sisi" kifuani kama jiwe, kwa sababu miaka kumi na mbili iliyopita uliponihitaji wewe, mimi sikuwa nalo.

Sasa niseme ya Kibenga. Unayakumbuka, najua, lakini unayakumbuka kwa urefu wa mtoto wa miaka tisa. Ngoja nikueleze yalivyokuwa kwa urefu wangu mimi.

Sisi madereva wa maharusi tulikuwa na siri yetu, ingawa kila mtu mjini aliijua: mazutu, yaani dizeli. Ukishaosha gari, unachovya kitambaa kwenye mazutu yaliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo, unapangusa bodi yote, na gari lililochoka linang'aa kama limetoka dukani. Lakini kuna utaratibu wake. Unafanya jana yake jioni, na asubuhi unapita na kitambaa kikavu mara tatu, mara nne, mpaka kitambaa kirudi safi. Nilijua hivyo na niliwafundisha wenzangu hivyo.

Jumamosi ile nilikubali arusi mbili, moja ya asubuhi Gihosha, nyingine ya mchana Kibenga. Mtu anayekubali arusi mbili siku moja kwa gari moja ni mtu anayejipenda sana. Wewe ulikuwa nami kwa sababu ulikuwa mfunga utepe wangu, vidole vyako vilipita kwenye vishikio vya milango mahali ambapo vyangu havikupita, na ulikuwa unafunga mafundo mazuri kuliko mama yako. Kule Gihosha tulichelewa, maana wazee wa pande mbili walihutubia mpaka bia zikapata moto. Tuliposhuka, gari lilikuwa limejaa vumbi la kilimani. Haraka haraka haina baraka, nilikuwa naisema methali hiyo kila siku nikiwa kwenye usukani, na kila siku nikiisema huku nakanyaga mafuta.

Tulisimama kando ya barabara kabla ya kuingia Kibenga. Nilitoa chupa ya mazutu chini ya siti, nikapangusa boneti na upande wa kulia, halafu nikapitisha kitambaa kikavu mara moja tu kama mtu anayefukuza nzi. Wewe ulikuwa umeshika utepe.

"Baba, bado inanuka," ulisema. "Haiyakauka."

"Funga utepe. Wenyewe wanatungoja."

Ukafunga.

Bibi arusi aliitwa Consolata. Alikuwa msichana mpole, gauni lake limeletwa kutoka mbali na dada yake, jeupe lenye mikono mirefu. Mpiga picha akamwambia asimame karibu na mlango wa kulia, ashike maua kifuani, aegemee kidogo. Akaegemea. Alipojiondoa, kuanzia nyonga hadi gotini kulikuwa na mchirizi mrefu wa mafuta, mwekundu wa kutu. Mazutu yalikuwa yameilainisha ile rangi iliyokuwa imeanza kufa, na vyote viwili vikahamia kwenye nguo yake.

Shangazi yake, mama mnene aliyevaa vazi la heshima la Kirundi, imvutano ya kijani, akasogea akauliza:

"Ni nani aliosha iyi gari?"

Nilihitaji neno moja tu, na neno lenyewe ni fupi. Badala yake nilinyoosha mkono, na mkono ukaenda kwako.

"Ni huyu mutoto," nilisema. "Nilimuambia apanguse na kitambaa kikavu, yeye akapaka mazutu."

Watu wote waligeuka wakakutazama. Ulikuwa na kipande cha utepe kimebaki mkononi. Hukulia, hukusema si mimi. Ulinitazama, kisha ukaitazama ile nguo, na niliona unatafuta kwenye kichwa chako kidogo kama labda kweli ni wewe. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifunga macho. Shangazi aliinua mkono, na aliyemzuia hakuwa mimi. Alikuwa Consolata, na nguo yake ile.

"Mumuache, Tante. Ni mutoto."

Wakamfunika doa kwa mtandio, akaenda kanisani amekaa kiupande.

Tuliporudi tulikuwa wawili tu garini. Tulikuwa tumeshavuka katikati ya mji ndipo ukauliza, "Baba, na Mama tutamuambia ni nani?" Nikakujibu tumwache mama yako, ana kazi nyingi. Lakini dereva mwenzangu aliyekuwapo pale uwanjani alikuwa ameshafika na habari kabla yetu. Jioni ile mama yako alikukalisha akakuambia uwe mwangalifu na nguo za watu, na mimi nilikuwa pale pale, nakunywa chai. Niliongeza sukari.

Kesho yake watoto wa mtaa wakaanza kukuita Mazutu. Jina likashika. Mpaka leo garaji nzima inakuita hivyo, Kabwe anakuita hivyo kwa mapenzi, wewe mwenyewe unaitika na kucheka. Kila linapoitwa, mimi ndiye ninayesikia. Ni jina langu, Zaina, ulilivaa wewe.

Nilijiambia mtoto husahau. Kisha ukafika miaka kumi na sita, ukaanza kushinda kwa Kabwe, kwanza kumshikia karatasi za kuzibia vioo, halafu kuchanganya rangi. Wanaume walicheka msichana anatafuta nini kwenye msasa. Wewe uliendelea kusoma makopo yao na kuuliza kipi kinaharibu rangi na kipi hakiharibu, kwa nini, na kwa muda gani. Kabwe aliniambia, "Huyu mutoto anauliza kama polisi." Nilicheka naye. Moyoni nilijua unachunguza nini. Ulikuwa bado unataka kujua kilichotokea Kibenga.

Na sasa unakwenda kusomea kazi hiyo chuoni, na watu wananisimamisha njiani. Baba Zaina, hongera, umelea. Ninapokea. Sifa za kazi yako nimezipokea mimi, na lawama ya kazi yangu uliipokea wewe. Sikuwahi kuyaweka hayo mawili pamoja mpaka juzi, nilipokuwa nimesimama nyuma yako na sponji mgongoni.

Sikuandikii ili unionee huruma. Wala sitaki kukuhubiria, mhubiri mwenyewe unamjua. Ila nikuambie niliyoyapata kwa gharama. Huko uendako utaharibu kazi ya mtu siku moja. Kila fundi huharibu. Ukiharibu, sema kosa lingali bichi. Nilidhani nikinyamaza litapungua lenyewe, kumbe lilikuwa linakauka kama ile nta yangu ya paani, na kila mwaka lilihitaji kucha zaidi. Ningelisema siku ile, lingeisha kwa aibu ya dakika kumi na kelele za shangazi mmoja.

Na lile neno lako, "sisi", ni zuri kuliko lolote nililolisikia likitoka kinywani mwa mtu mzima. Lakini usiligawe ovyo. Mtu akikuachia lawama yake mara moja, mpe nafasi ajirudi. Mara ya pili, mwachie kopo lake na sponji yake uende zako. Mimi ulinipa mara ya pili kwa sababu ni baba yako. Mwingine asikuzoee.

Kuna jambo jingine nimeliona kwa miaka yote na sikulisema. Tangu siku ile hujawahi kuegemea gari letu. Wasichana wenzako wakija, wanaegemea wakiongea, wewe unasimama hatua moja mbali, mikono mbele. Juzi ulilipapasa lote, kila pembe, kwa mikono yako miwili, na ulipomaliza ukarudi kusimama hatua moja mbali.

Jana jioni, ulipokwenda kuwaaga rafiki zako wa Gasenyi, nilivaa kanzu yangu ya Idi, ile nyeupe mama yako anayoificha juu ya kabati. Nikatoka nje, nikaegemea mlango wa kulia, kwa nguvu, bega na nyonga. Nikajisugua kama ng'ombe. Jirani aliniuliza kama niko salama. Kisha nikaingia ndani, nikaivua, nikaikagua chini ya taa mbele na nyuma. Haikuwa na kitu, hata alama ya kidole.

Mama yako alinikuta nimekaa kitandani na kanzu mapajani. Nikamwambia yote. Aliichukua ile kanzu, akaikunja. Halafu akasema, "Na mi nilimugombeza mutoto." Hakuniambia neno jingine usiku mzima, na leo asubuhi chai yangu ilikuwa haina sukari. Ni haki yake. Ukimwona leo anakushikashika kila ukipita, ukajiuliza ana nini, ndiyo hilo.

Baada ya chai hiyo nilimtafuta Consolata. Yule mpiga picha wa zamani bado ana namba za watu wote aliowapiga. Consolata yuko pale pale Kibenga, ana watoto watatu. Nilimwambia mimi ni nani, akacheka kidogo, akakumbuka gari. Nikamwambia aliyepaka mazutu siku ile ni mimi, mtoto alinionya na nikamnyamazisha. Yeye akauliza, "Na ule mutoto, yuko wapi?" Nikamwambia amekuwa mkubwa, anajua rangi kuliko baba yake, kesho anasafiri. Akasema, "Mumulete kwanza. Mupite hapa."

Kwa hiyo kesho hatutaondoka saa ile niliyokuambia. Tutaondoka saa moja asubuhi, sisi watatu, na ndagala. Kibenga si njia ya kwenda kwenye basi, najua, lakini nimeshapima muda, na safari hii sitakubali jambo jingine lolote kabla wala baada. Sitapaka kitu. Nitapangusa vumbi kwa kitambaa chako kikavu, mara nne.

Nitaliegesha uwanjani kama siku ile, mlango wa kulia ukielekea nyumba. Nitazungumza mimi, mbele ya Consolata na watoto wake na mama yako, na mbele ya shangazi wa imvutano kama bado yu hai, na naomba awe hai. Wewe huna la kusema. Umeshanyamaza vya kutosha kwa niaba yangu, na huna la kueleza.

Gauni lako jeupe, lile ulilosita kulivaa kwenye arusi ya binamu yako kwa sababu tulikuwa tunakwenda na gari letu, mama yako amelipiga pasi. Liko kwenye kiti, karibu na mkoba wako. Livae kesho. Na wakati mimi nikisema, wewe egemea gari.

Baba yako Ramadhani,
aliyepaka mazutu.